Kimanga cha Maembe cha Tryphena Mbula

Wachungaji, wazee, akina mama, na nyinyi nyote mliopanda mlima huu asubuhi ukungu ukiwa bado umelalia migomba, familia imenituma mimi Alexander, shemeji wa marehemu, niwasomee maisha yake, na wale wanaoangalia saa huko nyuma nawaomba wakae kitako, kwa maana Mbula hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Tryphena Mbula alizaliwa tarehe 17 Machi 1946 huko Kibwezi, Ukambani, mtoto wa tatu wa Mzee Ndambuki Nzioka na marehemu Nthambi, akaletwa Voi mwaka wa 1953 baba yake alipohamishwa na reli, akasoma hapo hapo Voi hadi darasa la nane mwaka wa 1962, na alipenda kutusimulia kwamba utotoni alilala akisikia treni, akaota kwamba kinachotembea ni nyumba yao, na treni ndiyo imesimama.

Januari 1965 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule ya bweni ya wasichana hapa Mwatate, na huko ndiko kaka yangu Donald, aliyekuwa akipeleka kuni, alikoonjeshwa uji siku moja na asipone tena, wakafunga ndoa kanisani Jumamosi tarehe 8 Agosti 1970, Mungu akawajalia Stephen mwaka wa 1971, Mable mwaka wa 1974, na Nthambi mwaka wa 1978.

Sasa kuna jambo ambalo kila mmoja hapa analijua, na anangoja kuona kama nitaliruka. Siliruki. Desemba ya mwaka ule ule wa ndoa, Mbula alimwota mama yake, aliyekwisha kufariki, amesimama katika jiko letu, anacheka, anamwaga vipande vya embe bivu juu ya kimanga, na alipoamka akafanya vile vile, juu ya muhogo na maharagwe yaliyopondwa ambayo sisi Wadawida, Wataita wa milima hii, tumeyala tangu meno ya kwanza bila tunda lolote, na mama yetu Jedidah Wakio alipofunua sahani akasema lahaula, hiki si kimanga, huyu ameleta Ukamba ndani ya chungu changu, na Mbula akamjibu kwa heshima zote kwamba mama, muhogo haujauliza kabila la mtu.

Jumapili tarehe 4 Machi 1973, sikukuu ya mavuno, akina mama waliandaa meza mbili, moja ya vyakula vyetu na moja ya vyakula vya Wakamba, Mbula akafika na sufuria yake, meza yetu ikamwambia yenye maembe ipeleke kwenu, meza ya kwao ikamwambia muhogo wa kupondwa sisi hatuujui, basi sufuria ikawekwa juu ya kigoda katikati ya uwanja, peke yake, na wanaume tukabishana kimanga ni cha nani mpaka tukafika kwa Wareno walioleta muhogo, mvua ikatunyeshea tukiwa bado hatujawavusha bahari. Mbula alilia siku ile. Aliniambia halii kwa ajili ya sufuria, analia kwa sababu hajui aketi meza gani, na iliniuma sana, kwa maana nami nilikuwa nimebishana kwa upande wa kwetu.

Mama hakukubali kamwe, kila msimu wa maembe aliyaokota yale ya juu kwa kijiko, akayala kwanza, kisha akala kimanga, akisema amekula vyakula viwili tofauti, na sahani ikarudi jikoni imelambwa. Mbula alikuwa akiitazama ile sahani, anacheka mpaka anashika ukuta.

Februari 1987 alianza kuugua figo, akatibiwa Voi na Mombasa, na hata alipokuwa akipotelea usingizini mchana alizinduka na kuuliza kama maembe yameiva, akatutoka Jumanne tarehe 6 Desemba 1988, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miwili, na kaka yangu mpaka sasa anaweka vikombe viwili vya chai.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi matanga, wapishi wenzake wa shuleni, na ndugu zetu waliotoka Kibwezi.

La mwisho, baada ya mazishi hakuna meza mbili. Mama amekataa. Kile kigoda mnachokiona karibu na jeneza ni kile kile, na sufuria iliyo juu yake amepika mama mwenyewe tangu alfajiri, kwa miaka yake themanini, maembe akayakata kwa mkono wake na kuyamwaga juu, na tulipomwambia aonje chumvi hakutaka, anasema mwenye chakula hiki ni mmoja tu, ndiye angemwambia kama amekipatia, na ndiye huyu amelala.

Mbula wetu, pumzika kwa amani, mama anangoja jibu.