Pilau ya Kudra

Boti ya kutoka Kagunga kwenda Kibirizi, Kigoma, ilikuwa imepita nusu ya safari pale mwalimu Genoveva aliposikia harufu ya mdalasini. Ilitoka kwenye mfuko wa kijana mmoja, mvuvi, aliyekuwa akimuuliza mama wa pembeni yake namna ya kupika pilau.

"Ni ya mke wangu, Kudra," alisema. "Mama yake amefariki Tanga, na kwa ujauzito alionao daktari kamkataza kusafiri. Leo siku ya nne anakunywa chai tu."

"Pole, baba. Lakini pilau achana nayo, mpikie uji. Harufu hiyo itamkumbusha mama yake, atalia."

"Si ndiyo nataka alie, mama? Tangu apigiwe simu hajatoa chozi."

Kijana akatoa kiganja cha karafuu kuwaonyesha atakazotia. Genoveva, ambaye naye kwao ni Tanga, akachukua nusu yake na kuirudisha mfukoni bila kuombwa. Karafuu zote zile zingetosha pilau ya harusi.

"Asante, dada," kijana alisema.

"Na akilia asile?" mama aliuliza.

"Nitakaa naye mpaka ale."

"Wanaume hamjui kukaa."

Boti ikagusa mchanga wa Kibirizi. Kijana akakunja suruali na kushuka majini, mfuko kaushika juu. Mama akamtazama akienda, kisha akasimama na kupaza sauti: "Baba! Mimi bado nasema uji! Lakini akianza kulia, usimwambie anyamaze!"