Koti la Baba na Ijumaa ya Mwisho ya Ukumbi wa Nujum

Mheshimiwa uliyetoka ubalozini, mwenyekiti wetu Bwana Githinji, pasta uliyewaacha watu wako kanisani Mesaimeer ukaja kwetu, shehe wetu, wageni waalikwa, na ninyi wanangu wa kambi za wafanyakazi, wa hoteli na wa jikoni za watu: poleni, halafu hamjambo. Naanza na pole kwa sababu leo ni siku ya pole. Aliyetoka zamu sasa hivi apishwe kiti. Na kama hujala, chapati ziko pale mlangoni. Mimi siwezi kuongea na mtu mwenye njaa.

Nimeombwa nieleze habari za ukumbi huu kabla haujabomolewa. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini kila vazi mliloliona kwenye jukwaa hili limepita kwenye sindano yangu. Ulikuwa sinema ya zamani, hapa Doha, mtaa wa Al Sadd, nyuma ya maduka, viti vimechanika, kipoza hewa kinakohoa kama mzee. Mwaka 2004 mwenye ukumbi alituachia tucheze maigizo kila Ijumaa mchana. Tukaanza na mchezo wa Mahari kwa Simu.

Mnakumbuka? Terry alikuwa bibi harusi. Katikati ya mchezo hotelini wakamwita, mwenzake ameugua. Tungefanya nini, tuwarudishe watu kambini? Hannah, mwalimu wetu wa maigizo, akauliza, "Nani yuko ofu, hana zamu leo?" Aliyekuwa ofu ni Omondi peke yake, na ndevu zake. Nikamfunga kanga ya Terry, nikamsukuma. Ukumbi ukalipuka. Mmoja akapiga kelele huko nyuma, "Baba mkwe, punguza mahari! Huyu bibi ana ndevu kunishinda!" Omondi akamjibu, "Na wewe huna hata za kukopesha!"

Tangu siku hiyo ikawa sheria yetu: nguo ndiyo mtu. Bosi hakupi ruhusa kwa ajili ya mchezo, kwa hiyo kila sehemu ilijulikana na watu wawili au watatu, na aliyevaa kanga ndiye bibi harusi, aliyevaa kofia ndiye chifu. Nani aliyewahi kulalamika? Hata kwenye mchezo wa Kuku wa Mgeni, chifu alibadilika mara mbili kabla kuku hajaiva, na mlimpigia makofi yeye yule.

Halafu mwaka 2009 tukacheza Baba Yuko Njiani. Huo ndio mlioupenda kuliko yote. Familia inangoja chakula kikipoa, na mwishoni kabisa Baba anabisha kwenye mlango ule mkubwa nyuma yenu, amevaa koti la kahawia: "Hodi! Mmeniwekea chakula?" Na ninyi, ukumbi mzima, mnajibu: "Tulikuwekea!" Nimewaona wanaume wenye mabega mapana wakijibu huku wanalia, kwa sababu nani hapa hana nyumba inayomngoja?

Wengi wenu mlimjua Baba kwa sura ya mwanangu Nick. Mimi nilitangulia hapa kwa kazi za nyumbani, yeye akanifuata na kazi ya ulinzi. Kila Ijumaa nilimnyooshea kola na kumuuliza, "Umekula?" naye akisema, "Mama, usiniaibishe mbele ya watu." Mwaka 2012 basi la walinzi likapinduka. Sitaongeza neno hapo.

Ijumaa iliyofuata mlilitundika koti lake jukwaani, kwenye msumari, mkaliwashia taa. Baba hakubisha tena. Mchezo ukawa unaishia kwenye sahani. Wanangu, najua ilikuwa heshima, na Mungu awabariki. Nililipiga brashi kila wiki. Lakini mama huona. Naona hata sasa boksi chini ya meza ya mwenyekiti, limefungwa kwa utepe. Bwana Githinji, usilifiche kwa mguu. Mnataka kunipa koti niende nalo Kisii, maana na mimi mkataba wangu umekwisha.

Nikifika nalo nitaliweka wapi? Kwenye sanduku, na dawa ya nondo? Sikuja Doha kuzika mara mbili.

Nawaambia kitu nilichokisikia pale nyuma ya pazia, Ijumaa yake ya mwisho. Nick alivua koti hilo, akamtupia Job, mwenzake aliyeijua sehemu ya Baba. Akasema, "Kaka, wiki ijayo niko zamu. Baba ni wewe." Job akamwambia, "Sawa, ila ulifue, linanuka kituo cha basi." Wakacheka. Basi. Sasa niambieni, Baba wa Ijumaa iliyofuata alikuwa nani? Ni miaka minne Job anaingojea Ijumaa yake, na kwa adabu hajasema.

Bwana Githinji, fungua hilo boksi, nipe koti. Job, mwanangu, uko ofu leo? Njoo. Inama kidogo nikuvishe, wewe ni mrefu. Kola imepinda... hivyo. Umekula? Usinicheke. Koti hili mtalibeba popote mtakapopata pa kuchezea, hata kama ni uwanja wa vumbi kule mtaa wa Abu Hamour, na atakayekuwa ofu ndiye atakayelivaa. Nenda ukapitie ule mlango mkubwa, kabla hawajauvunja.

Waheshimiwa, na ninyi wanangu, nimewachosha, na mmenivumilia kama mama yenu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa nyamazeni kidogo tusikie mlango. La kumjibu mnalijua.