Wateja wa Davison

Katika mashua ya kwenda Chisenga, Rosaria, muuza samaki, alimsikia Davison, fundi mwenye tai, akimwambia mama mmoja mshonaji kwamba ameacha kazi ya muzungu. Sasa anajitegemea: anatengeneza cherehani na gramafoni, anapaka rangi vibao vya maduka, wala hana bosi.

"Mama, batu wangu wote banarudia kwangu kila mwezi."

"Mashini ikipona, mutu atarudia kufanya nini?" aliuliza mama yule taratibu.

Rosaria akameza kicheko.

"Banarudia juu bananipenda," Davison akajibu, akinyoosha tai.

Mashua ikagusa mchanga. Wanaume watatu walikuwa wakingoja, kila mmoja na cherehani begani, wamenuna.

"Unaona, mama? Kazi hiyo," akasema Davison, lakini hakuinuka.