Mtende wa Nyumba Iliyofungwa

Kwenye basi, mbele yangu, nesi mmoja alimweleza muuza miche aliyepakata mitende michanga kwamba nyumba yao ya kijijini huifungua mara mbili tu kwa mwaka. "Kaka, nataka mti usiodeka. Kila nikienda nakuta maua ya marehemu mama yamekauka, naanza kulia upya."

"Mtende hauna makuu, dada, ila mwaka wa kwanza lazima umwagiliwe."

"Na nani?"

"Si jirani?"

"Tumenuniana tangu msibani!"

"Muombe maji, usimuombe urafiki," alisema muuza miche. Mimi nilijifanya nasoma gazeti.

Basi liliposimama, nesi alikuwa ameshanunua mmoja. "Akikataa nakurudishia!" alimpigia kelele kutoka chini, huku ameukumbatia kama kichanga kilichozaliwa asubuhi hiyo.