Bi Mwanatatu Anaondoka, Hakuchoka

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Bi Mwanatatu anavua aproni yake baada ya miaka ishirini na minane katika jiko la hoteli yetu hapa Magongo. Wahudumu wenzangu wameniomba niandike wasifu wake. Naandika kwa mapenzi, na kwa hasira pia.

Alianza mwaka 1997 akiosha vyombo, enzi za marehemu Mzee Abdulghani, aliyekuwa mwenye hoteli. Mwaka wa pili akakabidhiwa mbaazi. Tangu hapo, kila alfajiri aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi kwa mkono wake, na ole wako utie maji kwenye tui la kwanza! Alijua mteja gani hali pilipili na nani amefiwa. Mwalimu Agneta akichelewa, sahani yake ilifunikwa ikamngoja.

Hata ndoa yangu ni kazi yake. Jefwa, mume wangu (tuna wiki tano tu, na neno hilo bado linanichekesha kwa raha), alikuwa akija kunywa chai mara tatu kwa asubuhi moja. Bi Mwanatatu akachungulia kutoka jikoni, akaniambia, "Kafedha mwanangu, huyu haletwi na njaa." Pilau ya harusi yetu aliipika yeye, tamu mno!

Mwezi wa Machi hoteli ikauzwa. Mwenye hoteli mpya akang'oa mabenchi ya mbao, akakataza kuwawekea sahani wateja waliochelewa, akaitupa mbuzi nje, akaleta nazi ya unga. Tena akaagiza wateja wasiambiwe. Siku ya kwanza ya unga huo, mwezi huu, Bi Mwanatatu alipika kama alivyoamriwa, kisha akasimama mlangoni akamwambia kila aliyeingia, "Karibu, lakini mbaazi za leo si zangu."

"Za nani basi?" akauliza Mzee Mbwana, fundi wa baiskeli.

"Za pakiti, baba."

"Basi nipe chai kavu. Na hiyo chai nayo uniapie!"

Jioni ile ile akapewa barua ya kustaafu. Ana miaka hamsini na saba, na bado anainua sufuria ambayo mimi naikimbia! Nami nikaagizwa na mwenye hoteli niandike humu kwamba amechoka, anakwenda kupumzika kwa hiari yake. Siandiki. Ameondolewa kwa sababu alikataa kumdanganya mteja. Atakayeisoma karatasi hii kwenye sherehe ya kumuaga aisome hivi hivi, hata mwenye hoteli akiwa ameketi mbele.

Bi Mwanatatu, ahsante kwa kutulisha na kutulea. Mungu akujaalie afya, usingizi wa asubuhi uliounyimwa miaka yote hii, na wajukuu wa kukuzunguka huko Likoni. Nenda kwa heri, mama yetu, kichwa juu.

Nimeandika mimi, kwa jina langu jipya, lote:

Kafedha Randu Jefwa,
mhudumu wa meza za mbele, hadi leo.