Ukoo wa Kidudu cha Malaria

Benchi letu liko nje ya duka la Abdirizak, hapa Eldoret mjini, na kila anayelikalia ni daktari. Abdirizak tunamwita Ukoo, maana hakuuzii hata kiberiti kabla hujamtajia baba, babu na baba wa babu. Kinuthia, muuza mahindi, ni Profesa, cheo alichojipa mwenyewe. Asubuhi hiyo Ukoo alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu mpwa wake Ruwayda anaacha utafiti wa chuo kikuu, anaenda kusimamia duka jipya kule mji wa Turbo. Ruwayda alisimama mlangoni, laptopu kwapani, amefura hasira. Mimi nilikuwa upande wake na sikuficha.

— Kila siku anaangalia kompyuta, Ukoo akalalamika. Hata mbu moja hajashika!

— Abti, Ruwayda akamjibu mjomba wake, mimi sishiki mbu. Kidudu cha malaria kiko na protini mob, maelfu, na kuna zingine hakuna mtu anajua kazi yao. Hizo ndio nasoma.

— Hazina kazi? Profesa akaruka. Kumbe hata malaria iko na wafanyakazi hewa!

— Kazi iko, Mzee. Ni sisi hatuijui.

— Protini ni maharagwe. Mgonjwa akiacha maharagwe ya githeri, kidudu kinakufa njaa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo methali inaingilia wapi? nikamuuliza.

— Inaingilia kwa damu! Halafu sikiza, hizo protini ni majasusi. Zinajifanya hazina kazi ndio tusizishuku. Tukizianika kwa redio, mbu wote watahamia Uganda!

Ukoo hakucheka.

— Na kompyuta itajuaje? Imeona kidudu wapi?

— Abti, mtu humjui akikuja hapa, unafanya nini?

— Namuuliza ukoo.

— Mpaka wapi?

— Mpaka nipate mahali anakutana na watu najua. Hapo namjua.

— Basi mimi ni hivyo hivyo. Kompyuta inalinganisha protini haijulikani na zile zinajulikana. Nikipata ndugu yake, nakisia kazi yake, watu wa maabara wanapima kama ni ukweli. Tukijua kazi yake, pengine hapo ndio dawa mpya itapiga.

Ukoo akakohoa.

— Sawa. Lakini Turbo...

— Siendi Turbo!

Nilitaka kupiga makofi. Hapo akafika Idris, dereva wa lori la Ukoo, kutoka safari ya Lodwar. Jua lilikuwa kali na yeye amejifunika blanketi, anatetemeka. Alikuwa ametoka kupimwa: malaria, tena. Profesa akammiminia kahawa, akaikataa.

— Bosi, duka ya Turbo hata mimi nikipona naweza uza, akasema, maana kelele zetu alizisikia tangu barabarani. Hii kazi ya Ruwayda akiacha, hapa kwetu nani ataishika?

Ukoo akamtazama Profesa. Profesa akamwachia Idris nafasi yake kwenye benchi.

— Sogeeni, Ruwayda akasema, akifungua laptopu.

Tukasogea, Ukoo akiwa wa kwanza.