Mikanda Hii Haina Upande

Funga mlango, Gordon, kisha uje ukae, na wewe Marlene iweke hiyo simu kwenye mkoba, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema jambo hili mara moja tu, na atakayelikosa hatapata wa kulirudia. Bwana Ruddock hakukaa pale dirishani kutazama mvua. Yeye ni wakili wangu, nimemwita awe shahidi, ili kesho asitokee mmoja wenu akasema mama alikuwa ameshapotewa na akili kwa sababu ya dawa. Dawa nimeikataa tangu asubuhi. Maumivu ninayo, na akili ninayo.

Najua mmekuja kusikia nini. Baba yenu Anton alipokufa aliwaachia hisa sawa kwa sawa katika Studio ya Kadlec, na mimi akaniachia ile sehemu ndogo inayoamua mkishindana. Nanyi mmeshindana tangu diski hizi mpya zilipotoka, hizi zenye picha kali ambazo mtu huhesabu nazo kope za mwigizaji. Gordon anataka filamu zetu zote ziende kwa kambi ya makasha mekundu. Marlene anazitaka kwa kambi ya makasha ya bluu. Mashine ya kambi hii haisomi diski ya kambi ile, na kila kambi inamwambia mwenye studio: ukija kwangu, yule mwingine usimpe hata filamu moja. Basi kila studio ya Burbank na ya Hollywood imechagua upande, au imekaa katikati ikisubiri kuona upande upi utaanguka, na ninyi mmekuwa mkiniletea supu kwa zamu, kila mmoja na bakuli lake, mkidhani sioni kwamba supu hiyo imetiwa siasa badala ya chumvi.

Sikieni. Vita hii nilishaiona. Mlikuwa vijana wakati kanda za video zilipoingia majumbani, kanda ndogo na kanda kubwa, na baba yenu akachagua ndogo kwa kuwa picha yake ilikuwa nzuri zaidi. Alichagua kwa jicho, na jicho lake halikukosea. Soko ndilo lisilo na macho. Kanda ndogo zikajaa gereji yetu hadi gari likalala nje. Pale gerejini kila mmoja wenu alijichukulia funzo lake. Gordon alijifunza kwamba hushinda mwenye bei rahisi. Marlene alijifunza kwamba hushinda mwenye marafiki wengi. Lile aliloliona baba yenu hamkuliona: kwamba kanda zilitupwa, lakini filamu hazikutupwa, kwa sababu mikanda ya asili, ile iliyopita ndani ya kamera yenyewe, ilikuwa imelala salama katika ghala la baridi nyuma ya studio. Mwacha asili ni mtumwa. Anton hakuzaliwa na methali hiyo, alizaliwa Brno, lakini aliiishi.

Wanangu, ningeweza kuvumilia ugomvi wenu. Ndugu hugombana. Mlianza kugombana utotoni, mkigombea kiti kimoja cha mbele ndani ya gari. Kilichoniua kabla ya ugonjwa huu ni lile jambo moja mlilokubaliana.

Mnakumbuka chakula cha sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, bata mzinga bado mzima mezani na ninyi mmeshaanza. Gordon ukasema, “Dada, mashine yetu mtu ananunua na chenji inabaki. Yako mpaka auze figo.” Marlene ukamjibu, “Yangu, kaka, imo ndani ya mashine ya michezo ya watoto, iko sebuleni tayari. Yako iko dukani inakula vumbi na punguzo.” Naye Gordon, kwa ule mdomo wake, “Watoto wa michezo hawanunui filamu za Mama.” Hapo mkanitazama, nikaomba mchuzi. Kisha nikauliza ghala litakuwaje, na kwa mara ya kwanza tangu baba yenu azikwe mkasema kwa sauti moja. Gordon ukasema, “Baridi ya nini, Mama? Kila kitu kimeshanakiliwa kwenye kompyuta. Tunalipia umeme wa kugandisha plastiki.” Na wewe Marlene ukacheka ukisema, “Hapo Gordon ana akili. Humjia mara moja kwa mwaka.” Mkakubaliana, yeyote atakayeshinda, ghala lifungwe na mikanda ipelekwe kuteketezwa. Mkaniomba nipitishe viazi.

Nikawapitishia viazi. Nilitaka kwanza nione kama mnajua mnachokichoma.

Ndipo baada ya Krismasi nikawaita nyinyi wawili humu chumbani, nikasema nataka kuiona filamu yetu ya kwanza, Treni ya Needles, ambayo studio iliitoa kwa makasha yote mawili kabla ya kambi kuanza kubana. Mkafurahi. Mkadhani huo ndio mtihani wa urithi. Mkaunganisha mashine mbili kwenye televisheni ile, mkaweka nyekundu, kisha bluu, kisha nyekundu tena, mkavuruga chumba kizima. “Tazama majani ya mnazi, Mama, tazama kijani hicho!” “Kijani kitu gani, sikiliza sauti ya treni, diski yake haina nafasi ya sauti hiyo!” Mkapiga magoti mbele ya kioo, watu wazima wenye mvi, pua zikikaribia kugusa, mkihesabu matofali ya kituo. Na mimi nilikuwa nimelala hapa hapa nikiwatazama ninyi, si kioo, hadi ikafika ile sehemu ya mjane aliyesimama kituoni wakati treni inaondoka na mumewe hakushuka.

Mjane yule ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Uso wangu ulijaa kioo chote, laini kama nta ya mshumaa, kwa kuwa zile chembechembe zinazocheza ndani ya picha ya filamu, ambazo ndizo ngozi ya filamu yenyewe, zilikuwa zimefutwa ili mnunuzi wa televisheni kubwa asidhani mashine yake ni mbovu. Hilo nililitarajia. Nikangoja chozi. Treni ikapita, uso ukageuka, picha ikakatika. Chozi halikutoka. Nikawaomba mrudishe, mkarudisha kwenye nyekundu, mkarudisha kwenye bluu. Halikutoka. Mkaniuliza, “Basi, Mama, ipi nzuri?”

Watu waliosafisha picha hawakukusudia ubaya. Mashine ya kusafisha hutafuta vumbi: kitu kidogo kinachong'aa, kilichopo katika picha hii na kisichokuwepo pale pale katika picha inayofuata. Chozi langu lilidondoka haraka kutoka kidevuni, likashika jua la asubuhi, likapotea chini. Kwa mashine hilo ni vumbi. Ikalifuta, na njia ya maji iliyobaki shavuni ikapakwa ikawa ngozi kavu. Anayejua kwamba hapo palikuwa na chozi angeizuia mashine kwa kubonyeza tu. Lakini lazima awe anajua. Na nyinyi, warithi wa studio, mliokulia chini ya meza ya kuhariri, mliitazama sehemu hiyo mara tatu mkigombea kijani cha mnazi.

Sasa nitawaambia ambalo baba yenu hakutaka lisemwe nyumbani. Mnalijua kaburi dogo kule San Fernando, la kaka yenu Pavel aliyeishi wiki chache tu. Tulimzika Jumanne. Treni ilikuwa imekodishwa kwa Alhamisi na haikuwezekana kuisogeza, kwa hiyo Alhamisi nikapakwa poda nikasimama kituoni. Maandishi hayakusema mjane analia. Yalisema mjane anatazama. Anton alikuwa nyuma ya kamera, jicho kwenye tundu, na chozi lilipotoka mimi nikainua mkono nilifute kwa aibu, naye akasema kwa sauti ya chini, ile ya nyumbani, “Liache, Lenora.” Nikaliacha. Mtoto yule hakupigwa picha hata moja. Hatukuwa na haraka, tulidhani muda upo. Kitu pekee alichokiacha duniani kinachoweza kuonekana kwa macho ni tone lile, na limo ndani ya mkanda wa asili peke yake. Diski nyekundu haina. Diski ya bluu haina. Kompyuta mliyonakilia kila kitu haina.

Hicho ndicho mlichotaka kukichoma. Na kama chozi la mama yenu hamkuliona, mtayaona yapi ya wengine, katika filamu zote zile za watu waliokwisha kufa?

Nipe maji, Marlene. Kidogo. Basi, imetosha.

Hiyo simu ya nani inayolia mezani? Yako, Gordon. Isome. Hapana, isome kwa sauti, leo hakuna siri humu.

Aha. Kwa hiyo ile studio kubwa ya jirani, ambayo kila mtu alikuwa akiiangalia, imekwenda kwa bluu na bluu peke yake, na wekundu wamefuta mkutano wao wa Las Vegas. Basi vita imekwisha, mwanangu. Usiinamishe kichwa, baba yako naye alisimama hivyo hivyo gerejini. Na wewe Marlene usicheke. Nimekusikia. Usimcheke ndugu yako mbele ya kitanda hiki. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Unadhani makasha ya bluu yatadumu? Watakuja wengine na kitu kisicho na kasha kabisa, na gereji yako itajaa rangi ya bahari.

Sasa shikeni maneno ya mwisho. Hisa yangu inayoamua nimeikata katikati, nusu kwako na nusu kwako. Hakuna atakayemshinda mwenzake kwa kura. Mtapatana, au mtakaa mmekunja mikono hadi studio iote nyasi. Nyumba hii muiuze. Pete yangu apewe binti wa Gordon, na lile koti la manyoya Marlene alichukue, aliliiba mara nyingi akiwa msichana, sasa alivae mchana. Jina la Kadlec ni lenu, na haki ya kuuza filamu kwenye diski za rangi yoyote ni yenu.

Lakini mikanda ya asili haikuwa ya studio kamwe. Siku aliyonioa Anton aliandika kwamba kila mkanda atakaoupiga utakuwa kwa jina langu, na Bwana Ruddock ana karatasi. Nimeitoa yote kwa hifadhi ya filamu ya chuo kikuu, kwa sharti kwamba isichomwe, isiuzwe, na yeyote atakayetaka kuitazama aitazame, hata adui yenu. Na msikimbilie mlango. Asubuhi hii mlipokuwa kwenye vikao vyenu, malori yalikuja kwenye mvua, wakapakia hadi kopo la mwisho. Ghala ni tupu. Zimeni baridi sasa, kama mlivyotaka.

Mwache apige kelele, Bwana Ruddock. Waache wote wawili. “Umetuibia, Mama!” Nani amesema? Mmesema pamoja. Hata sikutofautisha sauti.

Ndiyo. Nimewaibia. Chukieni.

Nizikeni San Fernando, pale pembeni, kwa mtoto. Msionyeshe diski yoyote siku hiyo. Kama mnataka kuniona... nendeni chuoni, muombe mkanda, mkae gizani pamoja, mngoje treni ipite. Mtaona. Ni haraka. Msipepese.

Mungu awape... awape macho. Awape umri. Ninayo mengine, lakini...

Gordon, umesimama karibu na dada yako. Mkono wako uko begani kwake. Hamjaona, mmekasirika mno. Mnanitazama kwa uso mmoja, kama mlivyonitazama mlipokuwa wadogo nikiwazimia taa.

Basi. Huo ndio upande wenu. Kaeni... kaeni hapo hapo.